Gari Limeinuliwa, Sasa Linatetemeka

Umeinua Land Cruiser yako kwa springi ndefu ili ipite makorongo. Sasa ikifika kilomita 80 kwa saa, sakafu inatetemeka. Ufanyeje?

Kwanza, badili gia kwa mwendo uleule. Mtetemo usipobadilika, chunguza magurudumu na propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, kabla ya injini.

Pili, zima gari, weka vizuizi kwenye matairi, shika propela uitikise. Krosi, yaani kiungo cha mwisho wa propela, ikicheza au ikitoa vumbi la kutu, ibadilishwe.

Tatu, fundi apime pembe za propela, kwani kuinua gari huzibadilisha. Propela yenye krosi moja kila upande hutaka pembe ya giaboksi na ya difu zilingane. Zikitofautiana, kabari kati ya springi na ekseli hurekebisha.

Usiuzoee mtetemo: propela ikikatika mwendoni, inaweza kuua.