Sahani ya Kwanza Ni ya Jirani
Dominika ya Nne ya Majilio



Ndugu wasikilizaji wapendwa, zimebaki siku chache tuadhimishe Noeli. Katika bonde letu la Kilombero, tangu Ifakara mpaka Mlimba na Masagati, akina mama wanauliza bei ya vitunguu, mafuta na bizari. Na jogoo aliyezoea kutembea uani bila wasiwasi sasa anatazamwa kwa jicho jingine. Hayo si mabaya. Bwana wetu alikubali kualikwa arusini Kana, akala mezani pa watoza ushuru, na baada ya kufufuka aliwaandalia mitume wake samaki na mkate kando ya ziwa. Basi swali la leo si kama tupike au tusipike. Swali ni hili: tukishapika, sahani ya kwanza tumpakulie nani?

Tuyatazame kwanza majira yetu. Noeli haitukuti wakati wa mavuno. Mpunga wa bonde hili huanza kuvunwa mnamo mwezi wa Mei. Desemba ni mwezi wa jembe na wa kupanda, na ghala zimekwisha kupungua. Wapo waliouza magunia yao mapema ili walipe madeni, na leo wananunua kwa vibaba mchele ule ule walioulima kwa mikono yao. Wapo waliokopa kwa ahadi ya mpunga ambao bado haujaota. Wapo waliohamia mashambani, wanaolala vibandani mbali na kanisa na mbali na macho yetu. Kwa hiyo nyumba hii sufuria imejaa, na nyumba ya pili mafiga ni baridi. Nayo harufu ya pilau haijui uzio; humfikia aliyealikwa na asiyealikwa.

Nakumbuka Noeli moja katika kigango nilichokuwa nikihudumia. Mama mmoja mjane, ambaye hakukosa Misa hata siku za mvua kubwa, hakuonekana kanisani. Alasiri, tulipokwisha kula na kushiba, mimi na katekista tulikwenda kumjulia hali, tukidhani anaumwa. Kwa mbali tuliona moshi ukitoka jikoni kwake, tukafurahi. Tulipopiga hodi na kuingia, tulikuta kuni zinawaka, lakini juu ya mafiga hapakuwa na chungu wala sufuria. Katekista akamwuliza kwa upole, "Mama, mbona moto mtupu?" Akainamisha kichwa, akasema, "Nimewasha ili majirani waone moshi. Na kanisani ningekuja, Baba, lakini mkitoka Misa watu huulizana: kwenu mmepika nini?"

Wapendwa, sikuwa na neno la kumjibu. Asubuhi ile nilikuwa nimehubiri juu ya hori la Betlehemu, na watu walinisifu. Lakini Kristo alikuwa amekaa karibu na moto mtupu, umbali wa nyumba chache tu kutoka kanisani, na hakuna aliyemwona, wala mimi niliyekuwa nikimhubiri.

Tufungue Kitabu cha Nehemia, sura ya 8. Watu wa Mungu wamesikia Sheria ikisomwa, wanalia. Wanaambiwa wasihuzunike, bali waende wakale vinono na kunywa vitamu, kisha wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa chochote. Tulitafakari neno hilo, kupeleka. Haikusemwa maskini waje wapange mstari mlangoni. Chakula ndicho kilichotakiwa kutembea, ili mtu asibebe aibu yake hadharani. Naye Bwana, katika Injili ya Luka sura ya 14, anatufundisha tuwakaribishe wale wasio na kitu cha kuturudishia.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye jina lake limepewa hospitali yetu ya Ifakara, aliandaa pango la Noeli kule Greccio, Italia, mwaka 1223. Mwandishi wa maisha yake, Tomaso wa Celano, anasimulia kwamba alitaka siku hiyo matajiri wawashibishe maskini, na hata ng'ombe na punda waongezewe majani kuliko siku nyingine. Mapango tunayatengeneza vizuri kila mwaka. Je, na lile la pili tunalikumbuka?

Basi tufanye nini? Kwanza, jumuiya ndogo ndogo zikutane kabla ya mkesha, zijue kimya kimya nani hana kitu, pamoja na walio mashambani. Wapelekewe mchele na mafuta mapema, ili mama apike katika sufuria yake mwenyewe na watoto wake wamwone akipakua. Pili, kila nyumba ipakue sahani ya jirani kabla ya kujipakulia. Itoke katikati ya sufuria. Isiwe ukoko wala mabaki ya jioni. Ifunikwe kwa kawa, apelekwe mtoto, naye afundishwe kupiga hodi, kutoa shikamoo, kukabidhi na kurudi bila kungoja shukrani. Tatu, tusikope ili tuonekane. Pilau ya siku moja isile mpunga wa mwaka ujao. Tena tusiwasahau majirani zetu Waislamu, ambao sahani zao hutufikia wakati wa Idi. Sahani ya jirani hairudi tupu.

Labda utasema: mimi nami sina. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Aliye na ugali na mboga za majani anaweza kumwita mwenzake wakae mkekani pamoja, na hapo patakuwa na Noeli kamili.

Betlehemu maana yake ni Nyumba ya Mkate. Aliyezaliwa humo alilazwa horini, mahali pa kulishia, naye hujitoa kwetu altareni katika mkate unaomegwa. Hatuwezi kuupokea mkate huo asubuhi, kisha mchana tukafunga mlango ili tule peke yetu.

Mwenyezi Mungu azibariki sufuria zenu, na sahani ya kwanza aipokee Yeye mwenyewe kwa mikono ya jirani. Nawatakieni nyote Noeli njema. Amina.