Matunzo ya Wazee Wetu: Hotuba kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama



Nataka kusema juu ya jambo lisilozoeleka katika ajenda zetu za pamba, mbegu na dawa ya wadudu. Nawasemea wale waliolima pamba kabla yetu, ambao leo mikono yao haishiki jembe.

Mwajiriwa astaafupo hupata pensheni. Mkulima huacha kulima siku nguvu zinapomwishia, na pensheni yake ni watoto wake. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kumpa kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Sisi wa Bara hatuna malipo ya namna hiyo kwa wote.

Wilayani Misungwi yako Makazi ya Wazee ya Bukumbi, yaendeshwayo na Serikali. Sikukuu zikaribiapo, watu wema huwapelekea wazee sabuni, unga na sukari, wakapiga picha, wakaondoka. Siwalaumu, kwani sabuni ile hutumika. Lakini mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ahitaji mtu wa kumgeuza usiku wa manane, mwezi wa Februari, wakati hakuna sikukuu.

Tena twajua sote, ingawa hatupendi kulitaja, ya kwamba katika Usukuma huu akina bibi wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikotupikia sisi. Bibi akimbiaye kijiji chake aende wapi?

Sheria ya ubia ya mwaka 2010 imefungua njia ya Serikali na wenye mitaji kushirikiana. Lakini mwenye mtaji lazima arudishiwe fedha yake, na mzee hana kitu. Kujenga ni gharama ya mara moja. Mishahara ya wauguzi na chakula ni ya kila mwezi.

Kwa hiyo naona chama chetu kisijenge nyumba mpya ya kuwekea jiwe la msingi. Tuiombe Serikali mkataba, tulipe wauguzi wa zamu ya usiku pale Bukumbi, kwa makato madogo katika kila kilo ya pamba.

Nasikia minong'ono, na naiheshimu: neno "makato" limewachosha wakulima. Basi yapigiwe kura hapa, yaandikwe peke yake katika stakabadhi ya kila mtu, akaunti yake isiguswe kwa deni lingine lolote, na asiyetaka asikatwe.

Wako wahofuo kwamba vijana watajifunza kuwatupa wazazi. Hofu hiyo ni ya haki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe iliiweka familia mbele. Makazi ni ya asiye na mtu. Ndugu na majirani wathibitishe kwanza.

Hoja naiweka mbele yako, Bwana Mwenyekiti. Mwenye swali, nitakuwapo hapa mpaka jioni.