Amande bila kitansi si amande: kufuata kesi ya barabarani mpaka kwenye buku la tribinali

Hotuba kwa wanamemba kwenye mkutano mkuu, kama ilivyoandikwa kwa gazeti letu



Komite iliniomba niseme juu ya rulaji. Sababu mnaijua. Kila mwezi sanduku letu la kusaidiana linapokea maombi ya aina moja: pikipiki imekamatwa, kijana hafanyi kazi, mwenye pikipiki anadai hesabu yake ya jioni, watoto wamefukuzwa shuleni. Komite inauliza: karatasi iko wapi? Hakuna karatasi. Falanga ilitoka mkononi, ikaingia mfukoni, kisha wiki mbili nyuma kijana anasimamishwa tena kwa kosa lile lile. Sanduku letu haliwezi kulipa kitu ambacho hakikuandikwa popote. Njo maana leo nitafuata kesi ya barabarani hatua kwa hatua, kutoka njiani mpaka kwenye tribinali, ili kila mtu ajue aombe karatasi gani na aiombe wapi.

Kwanza, neno kwa wale waliorudi. Wengi wenu mlijifunza kuendesha Zambia au Tanzania, na kule watu wanatembeza mutuka upande wa kushoto. Hapa Congo ni upande wa kuume. Sheria yetu ya barabara ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa 8, 1978, na ni hiyo inayotuongoza. Mtu aliyeishi Meheba au Nyarugusu miaka kumi, mikono yake imezoea. Kwenye mzunguko, au wakati wa kupita lori, ile mazoea inaweza kuua. Wazee, msiwaache vijana waliorudi juzi waanze taksi kesho yake. Wapewe siku za kuzoea, na permi yao waionyeshe kwenye biro ya usafirishaji wa provensi kabla ya kubeba mtu.

Sasa umesimamishwa. Salimia kwa heshima. Polisi naye ni mtoto wa mtu, amesimama juani tangu asubuhi. Toa vitu vyako: permi, karte roze, asiransi, na kitansi ya kodi ya mwaka. Asiransi si jambo la kuchagua. Sheria inaidai kwa kila chombo chenye motere tangu 1973. Kama kuna kosa, uliza kwa upole: ni kosa gani, na liko kwenye artikle gani? Swali hilo si matusi. Ni haki yako kujua unalaumiwa nini, tena kwa lugha unayoielewa. Katiba ya 2006, artikle ya 18, inasema hivyo kwa kila mtu anayekamatwa. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Kama hujui Kifaransa, sema: shefu, niambie kwa Kiswahili.

Karatasi ya kwanza ni PV. Ndani yake kunaandikwa siku, saa, mahali, kosa, namba ya chombo, jina lako, na jina la yule aliyeandika. Usitie sahihi kabla haijasomwa mbele yako. Kama unaona mambo hayakuwa hivyo, omba maneno yako yaandikwe pia. Na kama pikipiki au vitu vyako vinabaki kwao, omba iandikwe ni vitu gani vimebaki: pikipiki namba fulani, ufunguo, permi. Mwanamemba mmoja alirudi kuchukua pikipiki yake akakuta betri haipo. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba betri ilikuwepo, na neno lake likabaki neno tupu.

Karatasi ya pili ni ya kulipa. Hapa wengi wanapotea. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za makosa inaruhusu ofisa wa polisi ya sheria, yule tunaita OPJ, akuambie: lipa kiasi fulani, tumalize bila kwenda kwa jaji. Hiyo njo amande ya mapatano. Shikeni mambo manne juu yake. Moja, si kila polisi anayesimama njiani ana uwezo huo, ni OPJ. Mbili, kiasi hakiwezi kupita kile cha juu ambacho sheria imeweka kwa kosa hilo, pamoja na nyongeza zake za kisheria. Tatu, falanga inaenda kwenye hazina ya serikali, si kwa mtu. Nne, ukilipa, kesi inazimika, isipokuwa parke ikiamua kuifuata. Na kulipa hakuna maana kwamba umekiri kosa.

Kwa ile ya tatu, njia ni hii: DGRAD inakupa noti ya kulipia yenye namba, unalipa benki, benki inakupa karatasi yake, unarudi nayo kuonyesha, ndipo chombo chako kinatoka. Tengeneza fotokopi mbili, moja ubaki nayo nyumbani, nyingine uilete kwa katibu wetu. Siku ukisimamishwa tena kwa kosa lile lile la siku ile, karatasi hiyo itasema kwa niaba yako.

Najua mnachosema mioyoni. «Wewe wa ONG unaongea vizuri, lakini kufuata karatasi kunachukua siku tatu, na ile kidogo ya njiani inachukua dakika tano.» Ni kweli, na siwezi kudharau hesabu hiyo. Siku tatu bila kazi ni siku tatu bila unga. Lakini pigeni hesabu ya mwaka mzima. Yule anayetoa kidogo kila juma anajulikana, uso wake umekuwa mlango wa duka. Kosa lake halijaisha, permi yake haijapatikana, na akipata aksida hana asiransi. Kama jumla ya vile vidogo vidogo ingewekwa kwenye likelemba, permi ingekuwa imepatikana.

Karatasi ya tatu inakuja kama hukulipa, au kama kosa ni kubwa. Hapo faili inapanda parke. Parke inaiandika kwenye buku lake na kuipa namba inayoanza na RMP. Andika namba hiyo nyuma ya kadi yako ya kura kama huna mahali pengine. Parke ikipeleka kesi kwa jaji, tribinali inatoa namba yake, ya RP. Kwa makosa mengi ya barabarani ni Tribinali ya Amani, kwa sababu sheria ya 2013 juu ya mpango wa tribinali inaipa makosa yote ambayo kifungo chake hakipiti miaka mitano. Hata kuua mtu bila kukusudia kunaangukia humo.

Namna gani ya kutafuta faili? Usiitafute kwenye simu, haimo. Iko kwenye mabuku makubwa ya karatasi, kwa grefye. Nenda asubuhi, na vitu vinne: jina lako kama lilivyoandikwa kwenye PV, tarehe ya kosa, mahali, na namba ya chombo. Ukiwa na RMP, anza parke. Watakuambia kama faili imetumwa na imepata RP gani. Ukiwa na RP, nenda moja kwa moja kwa grefye. Angalia pia karatasi zilizobandikwa ukutani kwenye tribinali. Humo mna orodha ya kesi zitakazosikilizwa. Hukumu ikishatolewa, omba kopi yake. Kopi inalipiwa, uliza bei iliyowekwa, na hapo pia chukua kitansi.

Kuna tatizo moja linalotugusa sisi kuliko wengine. Jina. Kwenye fomu ya kurudi ya HCR umeandikwa kwa namna ya Zambia. Kwenye kadi ya kura, karani aliandika kama alivyosikia. Kwenye PV, polisi aliandika la tatu. Kijana mmoja alienda kwa grefye mara tatu, wakamwambia hana kesi, akafurahi. Kesi ilikuwepo, chini ya jina la babu yake lililoandikwa mbele. Kwa hiyo mtafute kwa majina yote na kwa namna zote za kuandika, na njiani mtoe kitambulisho kimoja tu, kile kile kila siku.

Kwa nini kutafuta ni lazima? Kwa sababu ya siku kumi. Tribinali ikikuita, kati ya barua na siku ya kesi lazima zipite siku nane kamili, na zaidi kwa anayeishi mbali. Usipofika, jaji anaweza kukuhukumu haupo. Ukiletewa hukumu hiyo mkononi, una siku kumi za kuipinga mbele ya tribinali ile ile. Kama ulikuwepo na hukuridhika, una siku kumi za kukata rufani. Na amande ya jaji isipolipwa ndani ya siku nane, inaweza kugeuzwa kifungo, kisichopita miezi sita. Lakini hata ukiwa ndani, ukilipa ile amande unatoka. Familia nyingi hazijui hilo. Mtu anakaa gerezani kwa deni ambalo ushirika ungeweza kulibeba kwa siku moja, kama mtu angekuja kutuambia.

Juu ya kesi za zamani: kosa linalostahili amande tu, au kifungo kisichopita mwaka mmoja, linazeeka baada ya mwaka. Kumbukeni lakini kwamba hatua yoyote ya uchunguzi au ya kushitaki iliyofanywa ndani ya mwaka huo inakata hesabu, inaanza upya. Msiseme «imezeeka» kabla ya kuangalia buku.

Na kama mtu ameumia, hapo hakuna mapatano ya njiani. Usikimbie, mpeleke hospitali, ita polisi, julisha asiransi. Kuzuiwa polisi hakuwezi kupita masaa 48. Baada ya hapo ni kuachiliwa au kupelekwa mbele ya parke. Familia, hesabuni masaa na mtujulishe siku ile ile. Wale walioumia nao wana haki ya kudai malipo kwenye kesi hiyo hiyo, na wengi wao ni wamama wetu wa soko. Tusiwasahau kwa kutetea vijana wetu peke yao.

Komite imenipa ruhusa niseme pendekezo mtakalopigia kura leo. Sanduku likopeshe amande yenye noti ya DGRAD au hukumu ya tribinali, na mkopo urudishwe kidogo kidogo. Lisitoe hata falanga moja kwa kitu kisicho na karatasi. Katibu afungue buku: jina, tarehe, PV, RMP, RP, kiasi, kitansi. Na watu wawili wachaguliwe, mama mmoja na kijana mmoja, waende parke na tribinali mara moja kwa mwezi kuuliza faili za wanamemba. Wafadhili wetu, hapo msaada wenu unaonekana vizuri: nauli ya hao wawili, fotokopi, na bei ya kopi za hukumu. Ni kitu kidogo, na kila falanga yake itakuwa na kitansi.

Maswali nayapokea. Wenye PV mfukoni, mbaki nyuma tuzisome pamoja.