Paa la Bati na Njia ya Hewa

Leo sizungumzii ubwiri unga wala bei ya salfa. Leo nakuomba uingie ndani ya nyumba yako, uinue macho, utazame pale ukuta unapokutana na paa. Je, pana upenyo, au pamezibwa?

Ukipita njia ya kutoka Mtwara mjini kwenda Msimbati, ukifika hapa Madimba utaona jinsi nyumba zinavyobadilika. Kila msimu wa korosho ukiwa mzuri, nyasi na makuti vinashuka na bati linapanda. Hilo ni jambo jema, wala simwambii mtu arudi kwenye nyasi. Bati halivuji kama limepigwa sawasawa, halishiki moto upesi, tena hukuondolea kazi ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Lakini nyasi zilikuwa zikipumua, na bati halipumui. Hapo ndipo penye neno.

Nikwambie yaliyonipata mimi mwenyewe. Nilipojenga, fundi aliniuliza kama tuache nafasi juu ya ukuta. Nikamjibu aziba yote, maana sitaki mbu, sitaki popo, sitaki panya. Akaziba kwa udongo na saruji. Mtaalamu mzima nikasifu kazi! Ulipoingia mwezi wa Oktoba, saa nne za usiku chumba kilikuwa bado kama tanuri. Mtoto analia, jasho linamtoka. Basi tukatandika mkeka barazani tukalala huko, na chandarua kikabaki ndani kikilinda kitanda kitupu. Haukupita muda mrefu mtoto akashikwa na malaria. Nilikuwa nimewazuia mbu wasiingie ndani, kisha nikawapelekea mtoto nje.

Hasara haikuishia hapo. Chumba cha nyuma nilikuwa nimeweka magunia ya korosho yakingoja kupelekwa chama cha msingi. Asubuhi nilikuta matone yakidondoka kutoka kwenye bati, na mvua haikunyesha. Magunia mawili ya juu yalishika ukungu, nayo yakaondolewa daraja la kwanza.

Sababu yake ni hii. Mchana bati hupata moto kwa jua na kuumwaga ndani. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda juu. Ikikosa pa kutokea hujikusanya chini ya bati, halafu joto hilo hushuka pole pole mpaka kwenye vitanda. Usiku bati hupoa upesi kuliko hewa ya ndani. Mvuke wa pumzi zetu, wa mapishi na wa korosho ambazo hazikukauka barabara hugusa bati baridi ukageuka maji. Na kama umeweka dari la mbao au la silingi bodi, usidhani umepona. Joto litafungwa kati ya bati na dari, na dari lenyewe litakuwa la moto.

Utaniuliza: mbona wataalamu wa afya wanasema tuzibe mwanya huo? Wanasema kweli. Mbu wa malaria wengi huingia kwa kupitia hapo. Lakini huko Gambia, Afrika Magharibi, watafiti waliona kuwa nyumba ya bati ikizibwa juu huzidi joto, na wakaweka matundu yenye wavu katika sehemu ya juu ya kuta za pembeni ili hewa ipite. Hapa mkoani Mtwara kwetu zimejengwa nyumba 110 za majaribio ziitwazo Star Homes, katika vijiji 60. Kuta zake za juu zina nyavu zinazopitisha upepo, na watu hulala ghorofani. Watafiti waliripoti kuwa watoto wa nyumba hizo waliugua malaria kwa uchache kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Kwa hiyo mbu tumzuie kwa wavu, hewa tuiache ipite.

Si lazima ujenge ghorofa. Katika ile pembetatu ya ukuta inayopanda hadi kileleni mwa paa, toboa tundu lenye upana kama wa sinia kubwa, upande huu na upande wa pili, juu ya dari kama dari lipo. Tundu moja halitoshi. Hewa hutaka pa kuingilia na pa kutokea. Ukiweza, elekeza tundu moja upande linakotoka kusi na jingine upande wa kaskazi. Mwanya wa juu ya ukuta nao usiuzibe kwa udongo, uzibe kwa wavu wa mbu, uukaze kwa vipande vya papi pasibaki hata pa kupitisha kidole. Sisi tulio karibu na bahari tusinunue wavu wa chuma, maana chumvi huula. Wa plastiki unafaa zaidi. Upanguse vumbi mara kwa mara, kwani wavu uliojaa vumbi ni sawa na ukuta. Paa litokeze nje kama futi mbili, kuta zipate kivuli na mvua isizipige.

Jambo la kenchi nalipitia haraka: zifungwe kwa waya hadi ndani ya ukuta. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilitua kwa majirani zetu wa Msumbiji, nasi huku tulikesha tukisikiliza taarifa.

Jikoni usisahau. Mama zetu waliweka mahindi na mtama darini juu ya moto, moshi ukafukuza fukusi, na moshi wenyewe ukapenya kwenye nyasi. Ukiezeka jiko kwa bati, moshi huo utabaki kwenye kifua cha mpishi. Acha uwazi juu kabisa, chini ya kofia ya paa.

Na korosho, hata baada ya kutoboa, zianike mpaka zikauke, uzitie katika magunia ya katani, uzipange juu ya chaga, mbali na ukuta, wala zisifike karibu na bati. Mimi yangu nilitoboa kwa patasi, Jumamosi mbili zikatosha. Kazi njema, ndugu mkulima.