Faili Tatu, Mgonjwa Mmoja: Kumbukumbu za Wagonjwa wa Moyo Kisiwani Mombasa

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya, Makupa



Nimeombwa nizungumzie teknolojia katika tiba ya moyo, nikianza na fasili. Teknolojia ya afya ni zana na mifumo ya kumhudumia mgonjwa. Kumbukumbu ni yote yaliyoandikwa juu yake. Sheria za Kenya zinazozihusu ni ile ya Kulinda Data, ya 2019, na ile ya Afya ya Kidijitali, ya 2023. Haya mnayajua, tusonge mbele.

Nitamzungumzia mtoto mwenye ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi. Huanza kwa koo lisilotibiwa. Koo hupona, kisha kinga ya mwili ikazigeukia vali za moyo. Kinga ya shambulio jingine ni sindano ya benzathine penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka 10 tangu shambulio la mwisho au hadi mgonjwa atimize miaka 21, ipi itakayokawia zaidi. Aliyeharibikiwa vali sana huenda akachomwa hadi miaka 40. Dawa ni ya zamani na bei yake si ya kutisha. Upasuaji wa vali ndio wa kutisha.

Sasa tuseme mtoto huyo anaitwa Fatma Khamis Athman. Zahanati ya Changamwe imemwandika Fatuma Hamisi. Mamake akivuka Makupa kwa matatu kumleta kliniki kisiwani, ni Fatma Khamis. Akilazwa usiku, karani wa zamu anaandika Fatima Othman, kama alivyosikia. Hizo ni faili tatu. Mimi, daktari niliye mbele yake, siwezi kujua kama kweli amekosa sindano, au alichomwa kwingine.

Jioni, wenzangu wakienda barazani kucheza bao, mimi huandika programu. Ni burudani yangu ya miaka mingi, na tatizo la majina limenilia jioni nyingi. Ipo kanuni ya Kimarekani iitwayo Soundex, iliyosajiliwa 1918, inayogeuza jina kuwa herufi na tarakimu tatu. Fatma, Fatuma na Fatima yote huwa F350: hapo imefaulu. Lakini herufi ya kwanza haiguswi, basi Khamis na Hamisi hawatakutana kamwe, wala Athman na Othman. Mohamed huwa M530, na Mohd, kifupisho cha kila rejista ya Pwani, huwa M300. Ilinibidi niandike kanuni za kwetu: kh ihesabiwe h, irabu za mwanzo zilegezwe, vifupisho virefushwe kwanza. Programu haiunganishi faili yenyewe. Humwonyesha karani majina yanayofanana, naye akamwuliza mama.

Jambo jingine dogo: kadi nyingi za sindano huandikwa "kila mwezi". Siku 28 humpa mtoto sindano 13 kwa mwaka, na kila mara siku ileile ya wiki. Mwezi wa kalenda humpa 12, nyingine zikiangukia Jumapili, kliniki imefungwa.

Programu yangu ya majina haijatumika. Iliombewa kibali katika ofisi moja, ikaelekezwa kwa idara ya kompyuta, ikapelekwa kwa mwanasheria, ikafika kwa watu wa ununuzi waliouliza mzabuni ni nani. Nikajibu kwamba hakuna mzabuni, ni bure. Jibu hilo, nadhani, ndilo lililoiua. Sisemi ofisi hizo hazina kazi: taarifa za afya ni nyeti, na daktari kubeba majina ya watoto kwenye kompyuta yake ya nyumbani ni kosa. Lakini aliyetaka kufuata sheria hakuonyeshwa mlango.

Na Kenya hii imewahi kuufungua. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilikuwa na kumbukumbu za kompyuta tangu 2001. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wote wawili na waandishi wa programu. KenyaEMR ya kliniki za VVU imejengwa juu yake.

Napendekeza, basi, tarehe ihesabiwe kwa siku 28. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na pasipo cheti liandikwe la mama pia. Karani atafute kabla ya kufungua faili mpya. Zahanati na hospitali zitumie kadi moja. Makarani wapewe mafunzo, maana wao ndio wanaosikia jina kwanza. Ofisi moja, si nne, ipokee maombi ya programu za wafanyakazi, na ijibu kwa maandishi hata kama jibu ni hapana. Narudia: karani atafute kabla ya kufungua faili mpya. Hili halihitaji kibali cha mtu, wala kompyuta. Wakuu wa idara mliopo hapa mnaweza kuliagiza kesho asubuhi, na ninawaomba mfanye hivyo.