Kizuri Hakijiuzi Gizani: Wasifu wa Mtafuta Kazi Katika Mtandao



Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la Tukuyu usemi huo una ukweli wake, kwani mkungu wa ndizi uliokomaa huonekana kwa macho, na parachichi mnunuzi hulishika mkononi akalijua. Lakini mwajiri aliye Dodoma au Dar es Salaam hamwoni kijana wa Kisondela wala hamsikii. Anachokiona ni wasifu wake katika mtandao. Kisichoandikwa humo, kwake hakipo.

Nafasi nyingi za utumishi wa umma huombwa kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kupitia mfumo wa Ajira Portal, portal.ajira.go.tz. Kujisajili na kuomba hakuna ada. Anayedai fedha ili “kusogeza jina” ni tapeli. Mfumo huo humtaka mwombaji ajaze taarifa binafsi, elimu, mafunzo, uzoefu wa kazi, lugha, ujuzi wa kompyuta na wadhamini. Wengi hukimbilia kuomba, wakaacha nusu ya sehemu hizo wazi, kisha hulalamika kwamba hawaitwi.

Jambo la kwanza ni jina. Kijana aliyeandikwa Ambakisye katika cheti cha kuzaliwa, Ambakisie katika cheti cha kidato cha nne, na jina la tatu likawa limeachwa katika kitambulisho cha Taifa, mbele ya msaili ni watu watatu. Tofauti hiyo hurekebishwa katika ofisi inayohusika, au huambatanishiwa hati ya kisheria inayothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Kazi hiyo huchukua muda; haifai kuanzwa siku tangazo la ajira linapotoka.

Jambo la pili ni viambatisho. Vinavyohitajika ni vyeti kamili, vikiwa vimethibitishwa kama tangazo linavyoelekeza. Hati ya matokeo ya muda haichukui nafasi ya cheti. Barua ya maombi itiwe saini. Nakala iliyopigwa picha kwa simu, kona moja ikiwa gizani, humnyima mwombaji haki yake mwenyewe.

Jambo la tatu ni uzoefu, na hapa ndipo vijana wengi wa wilaya hii hujidharau. Huandika “sina uzoefu” ilhali miaka miwili walikuwa makarani katika kituo cha kununulia majani mabichi ya chai, au walitunza daftari la kituo cha kukusanyia maziwa, au walijitolea kufundisha hisabati katika shule ya kata. Kazi hizo zina uzito zikielezwa kwa vitendo na hesabu. “Nilifanya kazi za ofisi” haimwambii mwajiri kitu. “Nilipima na kuandika mauzo ya wakulima 80 kila siku ya ununuzi, na kufunga hesabu ya mwezi” humwonyesha mtu anayeweza kukabidhiwa stoo au fedha. Hesabu hiyo na iwe ya kweli, kwa sababu msaili ataiuliza.

Jambo la nne ni mawasiliano. Wapo waliofunguliwa akaunti katika steshenari kwa barua pepe ya mwenye duka, na duka lilipofungwa, akaunti ikapotea nalo. Kila mwombaji awe na barua pepe yake, nywila anayoijua peke yake, na namba ya simu asiyoibadilisha ovyo. Wadhamini nao waombwe ridhaa kabla ya kutajwa. Mdhamini anayeshtuka anapopigiwa simu humharibia aliyemtaja.

Kampuni binafsi na mashirika, kwa upande wao, huwatafuta watu pia katika mtandao wa LinkedIn. Huko mwajiri huandika maneno ya kazi anayoitaka, naye huletewa wasifu wenye maneno hayo. Kwa hiyo mstari ulio chini ya jina usiseme “natafuta kazi yoyote”. Useme kazi yenyewe: “Fundi umeme wa majumbani, Tukuyu”, au “Ofisa kilimo, uzoefu wa chai na parachichi”. Picha iwe ya uso, yenye mwanga. Neno la msimamizi wa zamani likiwekwa hapo, huthibitisha yale ambayo mwenyewe ameyaandika.

Wasifu bora hauongezi ujuzi ambao mtu hana, na cheti cha kughushi humpeleka mwenyewe mahakamani. Kazi ya wasifu ni kuutoa ujuzi uliopo gizani. Kila mtafuta kazi na avitandaze vyeti vyake vyote mezani jioni ya leo, ayasome majina herufi kwa herufi, kabla msaili hajayasoma.