Taa Ipi Yafaa Sokoni? Mazungumzo kwa Wafanya Biashara wa Sondu

Wasikilizaji, jua likiisha kutua, biashara ya samaki katika Sondu haikomi mara moja. Mnunuzi humfunua ngege mashavu akayatazama: yakiwa mekundu, samaki ni wa leo, yakiwa ya hudhurungi, amelala. Lakini jicho huona kile tu ambacho taa hukionyesha.

Koroboi hutoa moshi mwingi na mwanga haba. Karabai yang'aa sana, na kwa miaka mingi wavuvi wa omena waliielekeza ziwani usiku usio na mwezi ili kuwavuta samaki; ila hula mafuta mno, na siku hizi wengi wao hutumia taa za LED na betri.

Umeme nao hauko mbali, maana tangu mwaka 2008 maji ya mto Sondu huzungusha mitambo ya megawati 60. Yafaa usipotezwe bure. Katika sehemu 100 za umeme unaoingia katika globu ya waya, kama 5 tu hugeuka mwanga; zilizobaki ni joto. Kwa kweli ni jiko lililotundikwa darini! Globu ya wati 60, ikiwaka muda wa saa 5 kila usiku, hula yuniti 9 kwa siku 30. LED ya wati 9, yenye mwanga karibu sawa, hula yuniti 1 na theluthi hivi.

Hata hivyo uchache wa gharama si jambo la pekee. Uko pia uaminifu wa rangi, ambao kipimo chake cha juu ni 100. Globu ya waya, pamoja na ulafi wake, hukaribia 100 kamili. Taa za sodiamu za barabarani, zile za rangi ya machungwa, zaishinda sana kwa uwekevu, lakini kwa rangi hupata kama 25 tu. Chini yake shavu jekundu na la hudhurungi hufanana.

Wengi hudhani taa nyeupe zaidi ndiyo ya kweli zaidi. Sivyo. Namba ya kelvini, 2700 au 6500, husema tu kama mwanga ni wa manjano au wa kibuluu. LED hafifu, ingawa nyeupe, hupungukiwa na wekundu, na nyanya njema huonekana zimefifia, hata muuzaji akapunguziwa bei bila kosa. Basi zitafutwe kwenye kasha herufi Ra au CRI: 80 yatosha ghalani, bali penye samaki, nyama na matunda yafaa 90. Isipoandikwa, nyanya moja mbivu iwekwe chini ya taa mchana, nyingine mlangoni penye jua, zilinganishwe kabla fedha haijatolewa.